Saa ya Reli ya Mfukoni: Ipi Uanze Nayo Ukiwa Mtwara au Lindi

Reli yetu ya Kusini haipo tena. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ikatoka pwani ikapanda hadi Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951, reli ikasuasua miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na mataruma yakang'olewa. Vilivyobaki ni vitu vidogo majumbani mwa wazee: taa ya mkono, filimbi, na kwa nadra sana saa ya mfukoni yenye mnyororo. Labda ndiyo sababu kila msimu wa korosho, fedha zikishaingia, hakosi kijana wa kuniuliza: nikitaka saa ya reli ya kweli, nitafute ipi?

Kwanza tuelewane maana ya saa ya reli. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, jimbo la Ohio, Marekani, na kisa kinachosimuliwa ni kwamba saa ya mfanyakazi mmoja ilikuwa imesimama dakika nne kisha ikaendelea bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo sonara wa Cleveland aitwaye Webb C. Ball alipewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na masharti yakakazwa. Saa isiwe na mfuniko wa mbele. Mashine iwe na vito 17 au zaidi, yaani vijiwe vigumu vinavyoshikilia sehemu zinazozunguka zisilike. Iwe imerekebishwa kwenda sawasawa katika mikao mitano, ikiwa imelazwa au imesimamishwa, kwenye baridi na kwenye joto. Isipoteze wala kuzidisha zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Kichwa cha kutilia ufunguo kikae juu ya namba 12, na mishale isogezwe kwa kuvuta kijiti kidogo kilichofichwa chini ya fremu ya kioo, ili isihame kwa bahati mbaya mfukoni.

Hakuna sharti hata moja hapo linalosema saa ichorwe treni mgongoni.

Nalisema hili kwa uchungu. Saa yangu ya kwanza niliinunua Lindi mjini kutoka kwa muuzaji mmoja kwa sababu ya gari moshi zuri lililochongwa kwenye mfuniko wa nyuma. Usoni iliandikwa "Regulateur". Fundi saa wangu alipoifungua alinyamaza kidogo, akanipa lenzi nijionee: pini za chuma mahali ambapo vito vinatakiwa kuwa, ekseli zimekwisha, na kutu imeanza. Saa za aina hiyo, zinazofuata mtindo wa Roskopf, zilitengenezwa kwa wingi Uswisi kama saa za bei nafuu kwa mtu wa kawaida. Si vitu vibaya, ila muuzaji akikwambia ni saa ya dereva wa treni, usimwamini mpaka afungue. Tangu siku ile nanunua mashine, sinunui kasha.

Kwa mtu wa huku kwetu napanga hivi. Kipimo changu cha kwanza ni kama vipuri vinapatikana, kwa sababu saa iliyoharibika Mtwara hutaipeleka Marekani kutengenezwa.

Namba moja: Hamilton 992. Ni ya vito 21, saizi 16, yaani mashine yenye upana wa milimita 43 hivi, na ilitengenezwa Lancaster, Pennsylvania, kuanzia mwaka 1903. Zilitoka nyingi mno, na hilo ndilo linaloniridhisha: ekseli ya balansi, lile gurudumu linalobembea na kuongoza mwendo wa saa, ikivunjika, unapata nyingine. Fundi wangu, aliyezoea saa za mkononi na saa za ukutani, aliifungua 992 na kuifunga tena bila shida kwa sababu kila kitu ni kikubwa na kimepangwa wazi. Kuna ndugu yake mdogo, 992B, iliyoanza mwaka 1940. Namba yake huanza na herufi C. Nywele yake, ule waya mwembamba unaojikunja chini ya balansi, ni ya aloi isiyosumbuliwa sana na joto wala sumaku. Kwa mji wenye joto kama wetu, na mifuko yetu iliyojaa simu, hiyo ni faida halisi. Ukiwa na uwezo chukua 992B. Bei ninazoziona kwa iliyokwisha kuhudumiwa ni dola 300 hadi 500. Ya chini ya 200 mara nyingi ina jambo.

Namba mbili: Waltham Vanguard au Crescent Street. Waltham ni kiwanda kikongwe kuliko Hamilton, kilianza mwaka 1850 huko Massachusetts. Mashine zake hazina urembo wa kukushika roho, lakini zinavumilia, na bei huwa chini kidogo. Kama dola 200 ndizo zote ulizo nazo, nenda hapa moja kwa moja. Elgin B.W. Raymond naiweka kwenye kundi hili hili. Jina lake ni la Benjamin W. Raymond, meya wa zamani wa Chicago aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo. Chagua ya vito 19 au 21.

Namba tatu itawashangaza wakusanyaji wenzangu: saa za reli za Uingereza. Hizi hazikufuata masharti ya Ball. Nyingi zina mashine ya Uswisi ya vito 15 tu, ndani ya kasha la nikeli, na mgongoni herufi za kampuni ya reli, kama G.W.R. (Great Western Railway), pamoja na namba ya mfanyakazi. Kwa ubora wa mashine zingeshuka chini zaidi. Lakini reli yetu ilikuwa ya Waingereza, na mzee wa kituo cha Nachingwea angebeba saa ya sampuli hiyo, si Hamilton. Ukikutana na yenye herufi za East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa mwaka 1948, basi kwangu hiyo inaruka foleni yote. Uliza familia imetoka wapi, nani aliibeba, kuna karatasi yoyote? Andika majibu na uyahifadhi pamoja na saa. Angalizo ni moja: herufi huchongwa hata leo. Maandishi ya zamani yamelika kingo zake sawa na kasha lenyewe. Yakiwa makali huku kasha limekwaruzika kila mahali, rudisha.

Namba nne: Illinois Bunn Special. Hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na toleo la saa 60 linakwenda siku mbili na nusu kwa ufunguo mmoja. Naishusha kwa sababu ni ghali, na mwanafunzi haanzi kujifunza kwa kitu anachoogopa kukigusa.

Mwisho ni Molnija ya Chelyabinsk, Urusi. Vito 18, mashine iliyofuata muundo wa Cortébert ya Uswisi, na migongo mingi ina picha ya gari moshi. Si saa ya masharti ya reli, lakini ni mashine ya kweli, bei ni ndogo, na fundi anaweza kujifunzia. Zile za betri zenye mnyororo wa shaba zinazouzwa sokoni sizihesabu.

Ukinunua kwa mtu wa mbali, omba picha ya mashine kabla ya picha ya uso. Namba iliyo kwenye mashine ndiyo inayotaja umri. Ya kwenye kasha ni nyingine, wala hilo si kasoro, maana Marekani mashine na kasha viliuzwa mbalimbali kwa miaka mingi. Kasoro ni kukuta ukingo wa kasha una alama mbili za skrubu, moja ikitumika na nyingine tupu: mashine hiyo imehamishwa. Omba video yenye sauti. Saa hizi hupiga mara tano kwa sekunde, na ziko programu za simu zinazosikiliza mlio na kukuonyesha kama mdundo uko sawa. Uso wa enameli uutazame kwa mshazari juani. Ufa mwembamba unavumilika, kipande kilichobanduka kinashusha bei. Halafu jumlisha usafiri na ushuru wa forodha kabla hujafurahia bei. Mimi hungoja mtu anayerudi na ndege.

Ikishafika, usiitie ufunguo mara moja. Mpe fundi aioshe na kuitia mafuta ya saa, kwani ya zamani yamekuwa gundi. Kama ataleta mafuta ya cherehani, mzuie kwa heshima. Yanasambaa na kuikwamisha ndani ya miezi. Nilipoteza Elgin moja hivyo.

Adui mkubwa huku ni hewa ya bahari. Ninayeishi Shangani, hapa Mtwara, naiona chumvi kwenye bawaba za madirisha, sembuse kwenye springi. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe kabla ya masika. Itie ufunguo kila asubuhi saa ileile, taratibu, mpaka ikatae yenyewe.

Na kwa ajili ya mezani, mwone mchongaji wa Kimakonde akukatie kishikio cha mpingo chenye kulabu ya kuitundikia. Mpe kipimo cha kasha lote pamoja na pete ya juu, maana wa kwangu alipima uso peke yake na ikabidi achonge mara ya pili.