Route 66 mwezi wa Julai: gari nililokodi nyota moja, punda wa Oatman nyota tano

Kazi yangu ni lori. Miaka sita sasa napita barabara kuu ya I-40 huku Arizona, kati ya Flagstaff na mto Colorado, juma jingine hata mara tatu, na kila nikikaribia Seligman nakiona kile kibao cha kahawia kinachoonyesha njia ya kutokea kwenda Route 66 ya zamani. Sijawahi kutoka. Lori langu lapita futi 70, na kipande chake cha mji wa Oatman hakiruhusu gari la zaidi ya futi 40. Basi Ami yangu alipokuja Phoenix kututembelea kutoka Lamu, niliomba ruhusa ya siku mbili kazini. Nikamwambia, Ami, safari hii tunapita barabara ya chini, ile ya zamani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka starehe. Nikakodi gari lenye kitanda na jiko kwa nyuma, nikidhani mzee wa miaka 71 atajinyoosha akichoka. Kampuni siitaji, ila haya niliyapata. Kiyoyozi cha mbele kilitosha watu wawili mradi wakae mbele. Cha nyuma kilitaka jenereta, na jenereta iliwaka dakika kumi usiku wa kwanza pale Kingman, ikakohoa, ikanyamaza. Nikapiga simu, nikaambiwa nibonyeze kitufe chekundu. Nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. Tukaishia motelini, yaani kitanda nimelipia mara mbili. Friji nayo ilizimika kimya kimya. Tulijua asubuhi maziwa yalipomwagika yakiwa jibini. Kisha kuna maili: mkataba ulitupa 100 kwa siku, zaidi ya hapo senti 45 kila maili. Mzunguko wetu wote ulifika karibu 590. Pigeni hesabu wenyewe. Nyota moja nimetoa kwa sababu breki zilikuwa nzima, na huko tulikokwenda breki si jambo dogo.

Sasa barabara yenyewe. Route 66 iliandikishwa mwaka 1926, Chicago hadi Los Angeles, maili 2,448, na mwaka 1985 ikafutwa kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani. Sehemu nyingi imekatwakatwa au imelala chini ya barabara mpya. Lakini kutoka Seligman hadi Topock, penye mto, unaweza kwenda maili zipatazo 158 bila kuiacha, na ndicho kipande ninachokisema hapa.

Tulianzia Seligman, kuliko juu na penye hewa nzuri hata Julai. Mji huu I-40 iliuruka tarehe 22 Septemba 1978, na wenyewe husimulia kwamba magari yalikoma siku hiyo hiyo. Kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, ndiye aliyewakusanya wenzake mwaka 1987 wakaunda chama cha kuitetea barabara, na jimbo la Arizona likaitambua kuwa ya kihistoria. Nilimsimulia Ami. Akanitazama. "Kwa hivyo hawa waliokufa njaa, wewe ndiye unayewapita juu?" Sikuwa na jibu, nikamnunulia milkisheki.

Milkisheki ya Snow Cap. Kijumba hicho alikijenga Juan, nduguye Angel, mwaka 1953 kwa mbao zilizosalia za reli, na utani wake umebaki hata baada ya yeye kufariki. Mlango una vishikio viwili, kimoja cha uongo. Ami alivuta cha uongo, akavuta tena, akaniuliza kama wamefunga. Kwenye orodha ya vyakula kuna "baga ya jibini yenye jibini". Nyama hatukuigusa, unajua tena mambo ya halali ugenini, ila viazi vilikuwa vya moto na milkisheki nzito hata mrija unasimama.

Seligman hadi Kingman ni maili 87 za uwanda wa manjano, treni za mizigo zikienda sambamba nawe. Ukitaka picha simama duka la Hackberry, lenye gari jekundu la Corvette la 1957 mlangoni. Mimi nilipiga moja, Ami alikataa kushuka. Kingman jaza petroli, nunua barafu, lala mapema.

Siku ya pili tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hili ndilo shauri langu kubwa kwa yeyote anayekwenda kiangazi: mlima uupande kabla jua halijapanda. Kipito cha Sitgreaves kiko zaidi ya mita 1,000, kona zimekunjana kama utumbo, na mahali pengi ukingo hakuna, kuna korongo tu. Zamani wenye Ford Model T waliupanda kinyumenyume. Gari lile halikuwa na pampu ya mafuta, petroli ilishuka yenyewe kutoka tangini, na mlima ukizidi ukali injini ya mbele ilikaa juu ya mafuta ikakauka. Wengine waliwalipa wenyeji wawavute. Mwaka 1952 njia ikahamishwa ipite Yucca, kuliko tambarare. Mimi naendesha tani 36 kila siku, lakini pale nilishika usukani kwa mikono miwili na mazungumzo nikakatiza. Vyombo vya jikoni huko nyuma vilikuwa vinapiga ngoma.

Halafu ukashuka, ukaingia Oatman, na njia imefungwa na punda.

Lazima nieleze kwamba Ami alikuwa na punda saba Lamu. Maisha yake yote alibeba mchanga, saruji na mawe ya matumbawe kutoka forodhani hadi vichochoroni ambako gari halipiti. Alishuka kabla sijazima injini. Oatman ulikuwa mji wa dhahabu. Wachimbaji walileta punda, dhahabu ikaisha, watu wakaondoka, punda wakabaki. Hawa ni vitukuu vyao, na sheria ya Marekani ya mwaka 1971 inawalinda kama wanyama wa porini. Asubuhi huteremka milimani kuja kuombaomba kwa wageni, jioni hurudi zao. Wetu Lamu hulala mjini na asubuhi huenda kazini.

Ami alimpapasa mmoja mgongoni, akainama akatazama kwato, akamfunua mdomo kuhesabu meno, na punda akakubali. "Hana kovu la shogi," alisema, yaani kikapu cha mizigo cha mgongoni. "Hata moja." Akaenda kwa wa pili, wa tatu. Watalii waliacha kupiga picha za punda wakaanza kumpiga yeye. Dukani wanauza vipande vya majani makavu yaliyoshindiliwa, ndivyo unavyoruhusiwa kuwapa. Watoto wa punda hubandikwa karatasi kwenye paji la uso, imeandikwa wasipewe chakula, maana wakizoea hukataa kunyonya. Nilipomtafsiria alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za duka.

Tulikaa saa tatu. Mimi nilikuwa nimepanga dakika arubaini.

Saa tano joto lilikuwa limefika 114 kwa kipimo cha gari, yaani zaidi ya 45 kwa kipimo chetu cha Selsiasi. Mji huu kila tarehe 4 Julai hushindana kukaanga mayai barabarani kwa jua, na baada ya kusimama pale naamini. Beba galoni ya maji kwa kila mtu, na nyingine usiyoihesabu. Alasiri za Julai mvua ya radi huja ghafla, na barabara hii haina madaraja kwenye mabonde mengi, maji hukatiza juu ya lami, ukiyaona, ngoja. Simu yangu haikushika mtandao karibu njia yote ya mlimani. Na ukitaka kuvuka mto uendelee jangwa la California, uliza kwanza: mafuriko yameshaharibu madaraja ya zamani ya mbao upande ule, na vipande vimefungwa.

Sisi tuligeuka Topock tukarudi na I-40, Ami amelala mbele kinywa wazi, kile kitanda nilichokilipia kikiwa tupu nyuma.

Dipoziti imerudi baada ya siku 18, pungufu dola 175 za maili na 30 za "usafi wa friji". Ami amesharudi Lamu, na jana kanitumia ujumbe wa sauti. Amewaonyesha picha wachukuzi wenzake pale Langoni, na wote wameuliza swali moja: sasa mchanga wa Oatman anabeba nani?