Drili yangu, skrubu ya kinyume na yule kijana wa dukani

"Ami, wewe kachonge milango yako, mashine niachie mie."

Maneno hayo nimeambiwa mbele za watu, na kijana ambaye ningeweza kumzaa, na drili yenyewe ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu. Ndiyo maana naandika. Siku ile sikuandika kwa sababu ningeandika mengine.

Mimi nachonga milango hapa Unguja. Nakshi ni kazi ya patasi na nyundo ya mti, hilo halijabadilika, lakini siku hizi pale pa kuchimba, kati ya ua na ua, natangulia na drili halafu patasi inasafisha. Kona za ndani pia nazisugua kwa tupa ya duara niliyoifunga kwenye drili hiyohiyo. Nimekaa nayo miaka. Imekula msaji, imekula mfenesi, imeanguka sakafuni sijui mara ngapi, na mota ni nzima mpaka leo. Kilichokufa ni kichwa cha mbele, kile chenye meno matatu yanayobana biti.

Kilianza polepole. Biti inateleza. Naikaza kwa ufunguo kwenye tundu zote tatu, maana ukikaza tundu moja inabana upande, na bado inateleza. Nikiitoa, naliona shina lake limechorwa pete pete kama limesagwa. Kumulika ndani kwa tochi, meno yamelika, moja limemeguka ncha. Nami nina sehemu yangu katika hilo. Kichwa cha drili kimeundwa kusukumwa kwenda mbele, na ile tupa mimi nilikuwa naiegemeza ubavuni mchana kutwa. Ongeza vumbi la msaji lenye mafuta yake na huu upepo wetu wa bahari, chuma gani kitapona?

Ingekuwa kuteleza tu ningevumilia. Lakini siku moja niko kwenye mfaa, ule mti wa katikati ambao ndio uso wa mlango wote, biti ikachomoka ikapiga mkwaruzo na kulikata ua nililolichonga kwa siku mbili. Mkwaruzo wa urefu wa kidole. Niliweka drili chini nikakaa nautazama. Ilibidi nilishushe lile ua lote, likawa limezama kidogo kuliko wenzake. Mwenye mlango hakuliona. Mimi nikipita mtaa ule jicho linakwenda palepale.

Basi nikanunua kichwa kipya, bei si kubwa. Kukitoa cha zamani ndio mtihani. Nikakimwagia mafuta ya taa kikalala nayo. Asubuhi nikakishika kwa spana ya bomba nikazungusha, kikazunguka pamoja na mota, hakiachii. Nikasema nisije nikaiua mashine, niwapelekee wanaojua. Nikaenda duka moja la mjini ambalo limeandika ukutani, kwa herufi kubwa, kuwa linatengeneza mashine za aina zote.

Yule kijana salamu yangu aliijibu macho yako kwenye simu. Njoo kesho. Kesho yake, njoo kesho. Siku ya tatu nikakaa kwenye benchi lao nikamwambia siondoki. Ndipo akaichukua, akaibana kwenye jiriwa, akashika nyundo ya chuma, akaanza kukipiga kile kichwa ubavuni. Kila pigo nalisikia kwenye ufizi. Zile mashine kubwa za kutobolea, za kusimama, nyingi kichwa chake kimekazwa kwa kuingizwa tu kama kabari, hakina nyuzi, ile mizunguko kama ya skrubu, hicho unaweza kukiangusha kwa kabari na nyundo. Hii ya mkononi imefungwa kwa nyuzi. Ukiipiga ubavuni unapinda shafti, ule mhimili unaozunguka, unaua na beringi inayoushikilia. Nikamwambia kwa upole, "Bwana mdogo, taratibu, hiyo ina nyuzi." Ndipo aliponipa lile jibu, na wateja wawili wakacheka.

Hakuishia hapo. Alipochungulia ndani ya kichwa akaona kuna skrubu chini kabisa, imejificha kati ya meno. Akaingiza bisibisi ndefu, akazungusha kushoto. Kushoto, kushoto, kwa nguvu zake zote, mpaka ule msalaba wa skrubu ukawa shimo la duara. Akanirudishia. "Ishakufa hii, ami. Nunua nyengine." Na elfu kumi akataka, ya kuiangalia. Nililipa. Mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Nyumbani sikufika moja kwa moja. Baiskeli ilikuwa na pancha, nikapitia kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, akaniuliza mbona uso umekunjana hivyo. Nikamtolea drili kwenye mfuko. Akaifuta mikono yake, akachungulia, akaniuliza swali moja tu: "Hii inazunguka na kurudi nyuma?" Nikamwambia ndiyo, ina kitufe cha pande zote mbili.

"Basi skrubu hiyo ni ya kinyume, kama pedeli ya kushoto. Huyo aliyekuwa akifungua alikuwa anakaza."

Nilinyamaza. Pedeli ya kushoto! Mtoto yeyote aliyewahi kufungua baiskeli anajua kuwa ile ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, ili isijifungue ukiwa unaendesha. Na huku ni vilevile: drili ikizungushwa kurudi nyuma, kichwa kingejifungua chenyewe, kwa hiyo wameweka skrubu ya kinyume kukizuia. Unafungua kwa kulia.

Shimo lilikuwa limeshaharibika, lakini hakubabaika. Alipasha moto msumari mrefu akaugandamiza kwenye skrubu kwa muda, akaniambia mara nyingi huko kiwandani huitia gundi na gundi hiyo hulainika kwa moto. Kisha akachukua biti ya nyota kubwa kidogo kuliko lile shimo, akaigonga taratibu mpaka ikauma chuma. Akazungusha kulia. Tik. Ikaja.

Kilichobaki akanionyesha nifanye mwenyewe. Tia gia ya chini, gia namba moja, ili iwe nzito kuzunguka. Chukua alenki kubwa ile ya umbo la L, mkono wake mfupi ubane kwenye meno, mkono mrefu uulaze pembeni. Piga ncha ya ule mkono mrefu kwa nyundo ya mti, pigo moja la haraka, kuelekea kushoto ukiitazama drili kwa mbele. Si kusukuma, ni kupiga. Pigo la kwanza hakuna kitu. La pili kikaachia, nikakimalizia kwa vidole kama kizibo cha chupa. Mpira wangu ulikuwa bado kwenye beseni la maji hajauziba. Alichukua hela ya pancha peke yake, ya drili akakataa katakata.

Usiku hasira zilinipoa. Nikajisemea, kijana hana kosa, hakuna aliyemfundisha, na mimi mwenyewe miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Nikaamua kulisamehe lile duka na nisiandike kitu. Asubuhi nikafunga kichwa kipya. (Kabla hujanunua soma maandishi yaliyochongwa kwenye kichwa cha zamani, changu kiliandikwa 1/2-20, yaani nusu inchi na nyuzi 20 kwa inchi. Zipo drili zenye shafti nyembamba zaidi, hakiingii.) Skrubu mpya, ya kinyume, nikaikaza kushoto. Nikawasha.

Ikavuma. Sauti ambayo haikuwapo kabla, nyembamba, ya mbele kabisa, palepale nyundo ilipokuwa ikipiga. Beringi. Hapo msamaha nikaurudisha.

Nikaenda na kile kichwa cha zamani na ile skrubu iliyotobolewa macho, nikaviweka mezani mbele ya mwenye duka. Akaniambia hela ya fundi hairudi, na kama sikuridhika niende kwingine. Hakuigusa hata skrubu. Kwa hiyo nasema wazi: mashine usipeleke pale, hata ya kunolea kisu.

Lakini kijana alinifuata mpaka nje, mwenyewe, bila simu. "Ami, kulia kweli?" Nikamwekea skrubu kiganjani nikamwonyesha nyuzi zinavyopanda kinyume na za kawaida. Aliigeuzageuza muda mrefu. "Nisamehe ami, sikujua." Yule akifungua kibanda chake siku moja, pengine nitampelekea kazi. Pengine.

Drili nayo nilikuwa nimeapa kuwaambia watu wasiinunue, sasa sioni kosa lake. Inavuma tu. Beringi nimeshaagiza, na ikifika anayeibadilisha ni yule mzee wa chini ya mwembe.