Kitabu cha katuni: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Jalada ndilo linalouza, na wachapishaji wanalijua hilo vizuri. Katika katuni za Kimarekani ni jambo la kawaida jalada kuchorwa na msanii mmoja na kurasa za ndani zikachorwa na mwingine kabisa. Kwa hiyo ukipenda jalada, kitabu chenyewe bado hujakiona. Fungua katikati. Chagua ukurasa mmoja, viache vile viputo vya maneno, tazama picha tu. Ukielewa nani anafanya nini, nani kakasirika na nani anadanganya, basi mchoraji anaijua kazi yake. Ukiona misuli na milipuko tu, rudisha rafuni.

Kipimo hicho kinafaa kwa kila aina iliyo hapa chini. Mpangilio wenyewe nimeufuata kwa swali la mfukoni: pesa yako inapata hadithi kiasi gani, na je, hadithi hiyo inafika mwisho?

Nafasi ya kwanza naipa hadithi iliyokusanywa. Marekani katuni hutoka kwa matoleo membamba ya kila mwezi, kisha matano au sita huunganishwa kuwa kitabu kimoja. Toleo moja lina kurasa 20 hivi za hadithi, nyingine ni matangazo, na bei yake huko ni dola 3.99 au 4.99. Piga hesabu: matoleo sita yanakula dola 24 au zaidi, ilhali mkusanyiko wake mara nyingi hauzidi dola 20, na hukai mwezi mzima ukisubiri kujua kama shujaa kapona.

Kundi hili lina pia vitabu visivyo na shujaa hata mmoja, na hivyo ndivyo ninavyovipenda zaidi. Chukua Aya wa Yopougon, hadithi ya Marguerite Abouet iliyochorwa na Clément Oubrerie, ambayo ilianza kutoka Ufaransa mwaka 2005. Albamu zake sita za kwanza, yaani vitabu vyake vya Kifaransa, zimeunganishwa kwa Kiingereza kuwa vitabu viwili. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970: wasichana na mipango yao, baba wenye mambo ya pembeni, umbea wa mtaa mzima. Hakuna anayeruka angani. Msomaji wa Kariakoo au Kawangware hahitaji maelezo yoyote, anawajua watu hawa. Yule anayesema katuni ni za watoto, mpe hiki kwanza ndipo mjadiliane.

Manga, yaani katuni za Kijapani, inashika nafasi ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama ingejua kumaliza. Juzuu moja ina karibu kurasa 200, nyeusi na nyeupe, na tafsiri ya Kiingereza huuzwa Marekani kwa dola 10 hadi 12 hivi. Kwa wingi wa kurasa hakuna anayeifikia. Shida ni kwamba ukinunua juzuu ya kwanza umejiingiza kwenye deni. Death Note iliisha kwa juzuu 12, mtu anaweza kujipanga. One Piece ilifikisha juzuu ya 100 mwaka 2021 na haikuishia hapo. Uliza kabla ya kulipa: imekwisha? Ziko ngapi? Na muuzaji anazo zinazofuata, au anayo hiyo moja tu iliyomfikia kwa bahati?

Zipo pia nakala za bandia. Wino umefifia ukawa kijivu, karatasi inaonyesha upande wa pili, na maneno ya karibu na mgongo yamemezwa na gundi. Kama unamnunulia mtoto, geuza nyuma utafute alama ya umri. Wachapishaji wengi wa Kiingereza huiweka, na T+ au M si za mtoto wa darasa la nne hata kama jaladani kuna paka. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto; waliopitia madrasa hawatasumbuka. Wengine watazoea kabla sura ya pili haijaisha.

Simu ni ya tatu, lakini naishauri kama sehemu ya kuonja. Shueisha, kampuni ya uchapishaji ya Japani, ilifungua programu ya Manga Plus mwaka 2019, na hadithi nyingi mle zina sura za mwanzo na za karibuni bila malipo. Soma sura tatu, ukikosa usingizi nenda kanunue karatasi. Huduma za kulipia kwa mwezi zina hazina kubwa, ila unachopata ni ruhusa ya kusoma. Huwezi kumwazima binamu yako, wala kuuza ukishamaliza.

Albamu za Kifaransa, zile kubwa za jalada gumu na rangi tupu, nimeziweka ya nne kwa sababu ya lugha na bei tu. Kwa msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura ningezipandisha hadi ya kwanza. Albamu nyingi ni kurasa 48, na nyingi hukamilisha kisa ndani ya kitabu kimoja.

Za kwetu siziingizi kwenye mashindano. Ukikuta Pichadithi, zile ngano za Kenya zilizochorwa miaka ya 1980, au Sani za zamani, lile jarida la katuni la Tanzania, lipa uondoke. Bei utaijadili na nafsi yako njiani. Nafikiri Shujaaz, iliyoanza 2010 ikigawiwa bure pamoja na gazeti, iliwafundisha vijana wengi wa Kenya kupenda katuni bila kuwafundisha kuzinunua, na mchoraji anayejaribu kuuza kazi yake leo anashindana na ile bure.

Mwisho kabisa ni toleo mojamoja, hasa linalouzwa kwa maneno kwamba litapanda thamani. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapishwa na majalada matano tofauti, zikaagizwa nakala zaidi ya milioni 8. Kwa wingi huo leo inapatikana kwa dola chache. Action Comics namba 1 ya 1938 iliyouzwa dola milioni 6 mwaka 2024 ilifika huko kwa sababu karibu zote zilitupwa. Hakuna aliyezihifadhi kwa kuwekeza.

Toleo mojamoja lina faida ukilikuta la mtumba, kwa wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara. Hapo bei huwa ndogo. Kagua pini mbili za katikati kabla ya kutoa hela: karatasi ya kati ikichomoka, inaondoka na kurasa nne.