Shoka la kuchongwa na shoka la kusuguliwa

Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, mashoka ya mkono bado yametapakaa ardhini, mengi ya mawe ya volkano, yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hayana mpini. Mchongaji alishika jiwe la kugongea, akapiga kwa mshazari ukingoni mwa jiwe alilokuwa akilichonga, kibanzi kikabanduka upande wa chini. Akaligeuza, akapiga tena kwenye kovu lile lile. Mapigo makubwa yalitoa umbo, madogo yakanyoosha makali. Fundi alilimaliza kwa muda mfupi, lakini pigo moja baya lilitosha kulipasua jiwe katikati.

La kusuguliwa ni habari nyingine. Huko Langdale, kaskazini mwa Uingereza, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, watu walivunja jiwe la kijani juu mlimani, wakalichonga kwanza kwa njia ile ile ya kale. Kisha likasuguliwa kwenye mwamba kwa mchanga na maji, saa baada ya saa, mpaka makovu yakafutika. Uso laini haupasuki upesi, kwa hiyo makali yalistahimili kukata miti, likiwa limetiwa kwenye mpini wa mbao.

Kwa kuchuna ngozi na kukata nyama, nachagua la Olorgesailie bila kusita: ukingo uliobanduliwa sasa hivi ni mkali mno. Kwa kufyeka msitu, la Langdale. Ila baadhi yalisuguliwa mwili mzima, hata sehemu isiyogusa mti, na hapo naamini fundi alitaka pia lipendeze.