Uzoefu wangu wa kuunganisha DBeaver na seva ya MySQL

Ninatunza kanzidata ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu. Inaendeshwa na MySQL, programu ya kusimamia kanzidata, toleo la 8.0, nayo imewekwa kwenye seva ya kukodi. Kwa muda mrefu niliingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva ukiwa mbali, na kuandika amri kwenye skrini nyeusi, kazi isiyo na ubaya wowote mpaka jedwali lenye safu wima thelathini limwagike mbele yako, maana hapo husomi tena, unakisia. Ndipo nilipopakua DBeaver, programu ya kutazama na kuhariri kanzidata kwa madirisha, lile toleo la bure ambalo msimbo wake uko wazi.

Draiva, yaani vijiprogramu vinavyoiwezesha DBeaver kuzungumza na kila aina ya kanzidata, haziji zote pamoja na programu. Unapojaribu kuunganisha MySQL kwa mara ya kwanza, unaombwa ruhusa ya kuipakua draiva yake kutoka intaneti, kwa hiyo anayekwenda kufanya kazi mahali pasipo na mtandao wa uhakika aimalize hatua hiyo kabla hajatoka nyumbani.

Kilichonila asubuhi nzima ni anwani. Poti 3306 ya seva yetu, mlango wa mtandao unaotumiwa na MySQL, haijafunguliwa kwa dunia, na ndivyo inavyotakiwa, hivyo sina budi kupita kwenye handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa, wengine wasiweze kuisoma, inayonifikisha ndani ya seva. Niliandika anwani ya nje ya seva kwenye ukurasa mkuu wa mipangilio, nikairudia kwenye ukurasa wa SSH, na kila nilipojaribu nilikataliwa. Kosa lilikuwa langu, kwani ukishatumia handaki, anwani ya ukurasa mkuu hutafutwa kutokea upande wa seva, si kwenye kompyuta yako. Pale panatakiwa localhost, jina ambalo kompyuta hujiita yenyewe, na anwani ya nje inabaki kwenye ukurasa wa SSH peke yake.

Nilipolirekebisha hilo, likaja la pili: “Public Key Retrieval is not allowed”. Tangu toleo la 8.0, MySQL kwa kawaida huhakiki nenosiri kwa utaratibu uitwao caching_sha2_password. Muunganisho usipotumia TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano ya mtandao, draiva huhitaji ufunguo wa umma wa seva ili ilisimbe nenosiri kabla ya kulituma, lakini haithubutu kuuomba bila ruhusa yako, kwa kuwa aliyejipenyeza katikati anaweza kukupa ufunguo wake mwenyewe. Niliweka allowPublicKeyRetrieval kuwa true kwenye sifa za draiva. Nisingefanya hivyo kwenye njia iliyo wazi. Ndani ya handaki la SSH, kila kinachopita kimekwisha kusimbwa.

Baada ya hapo, raha. Dirisha lile lile hunifungulia pia kanzidata za aina nyingine kama PostgreSQL na SQLite, na michoro ya uhusiano wa majedwali hujitokeza bila mimi kuchora kitu. Imeandikwa kwa Java juu ya msingi wa Eclipse, jukwaa la kuundia programu, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kumbukumbu ndogo asitarajie wepesi wa programu ya kuandikia matini.

Ninachokithamini zaidi ni aina za muunganisho. Seva ya kazi halisi niliitambulisha hivyo, ikapakwa rangi nyekundu, na mabadiliko hayahifadhiwi mpaka niyathibitishe mwenyewe. Ulinzi huo nao una adabu yake. Siku moja nilibadilisha bei za saruji, sikuthibitisha, nikainuka kwenda kunywa chai. Muamala wangu, yaani mabadiliko yale yasiyothibitishwa, uliobaki wazi ulizifunga safu mlalo za saruji, na wahasibu wa matawini walipotaka kuuza saruji, programu yao ikawa inasubiri sekunde 50, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, kisha inatoa hitilafu. Simu zilianza kabla chai haijapoa. Siku hizi, kabla sijanyanyuka kwenye kiti, hutazama kwanza upau wa juu kuona kama kuna muamala unaonisubiri.