Mwaka mzima kwenye kituo cha vijana cha kanisa, Katwe: uzoefu wangu kama mzazi

Akina mama wenzangu wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, wamekuwa wakiniuliza kuhusu kituo wanachoshinda watoto wangu baada ya shule, na kila mmoja ana swali lake. Ni bei gani? Wanawalazimisha watoto kusali? Mtoto anafaulu kweli? Nimeona niandike mara moja, kwa Kiswahili, ili sisi tuliotoka Bukoba, Bukavu, Goma na kwingineko tusome sote. Naongelea mwaka 2024 wote. Binti yangu alikuwa darasa la saba, mdogo wake wa kiume darasa la tatu. Kituo ni cha kanisa, kiko Katwe, mtaa wa humu humu Kampala, majengo mawili na uwanja wa udongo mwekundu. Jina la kituo nitampa mzazi atakayenitafuta, kwa kuwa humu nimeandika na yale ambayo bado tunavutana nao.

Mimi nauza vitenge. Duka halifungwi kabla ya jua kuzama, na Kampala jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Weka na foleni ya magari, nafika nyumbani giza limeshatanda. Mtoto wa madarasa ya chini ametoka shule tangu alasiri. Katikati ya hapo Katwe ina mengi ya kumwita: vibanda vya video ambako kuna mtu anaitafsiri filamu kwa Kiluganda kwa kipaza sauti, vyumba vya kubeti, mfereji wa Nakivubo ambao watoto wanaruka huku na huku. Nilichokuwa natafuta ni mtu mzima anayejua mwanangu yuko wapi saa kumi na moja jioni. Mengine yote, bendi, mpira, chesi, niliyakuta baadaye. Kwa hiyo kituo hiki nakipima kwa saa hizo.

Na kwa saa hizo wamenipa kuliko nilivyotegemea. Mlangoni kuna kauntabuku, lile daftari kubwa la mahudhurio. Mtoto akiingia anaandika jina na saa, akitoka anaandika tena, na kama ni mdogo aliyekuja kumchukua anatia sahihi. Msimamizi ni mama wa makamo, watoto wote wanamwita Anti. Saa kumi na moja na nusu anaketi na lile daftari, anapitisha kidole kwenye majina, na asiyekuwepo anatafutwa kwa simu. "Nyabo, kijana hajafika. Yuko nawe dukani?" Mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe mtoto alikuwa amebaki shule kwenye mazoezi. Anti hakukata simu mpaka nimempigia mwalimu na kumrudishia jibu. Mwanamke huyu ana watoto wengi mno chini yake, na bado hajawahi kukosea jina la wangu hata mmoja. Kama angeondoka kesho, sijui ningekiandikaje kituo hiki.

Jioni yenyewe inakwenda hivi. Wadogo wanaanza kuingia saa tisa, wanapewa uji wa mahindi na soya, kisha wanakaa na kazi za shule kwa saa nzima kabla ya kuruhusiwa kugusa mpira. Baada ya hapo kila mtu na kundi lake. Mlango unafungwa saa kumi na mbili na robo. Mwenye mtoto wa darasa la saba ajue kwamba shule nyingi huwashikilia watahiniwa hadi saa kumi na moja, hivyo siku za kawaida binti yangu alikuwa anapata saa moja tu, na uji anaukuta umepoa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake.

Sala. Najua wengi mnasubiri hapa. Kila jioni wanafunga kwa sala fupi, na Ijumaa kuna kipindi cha Biblia. Kuna watoto wa Kiislamu wengi tu, na wakati wa Biblia wanakaa chumba cha vitabu na kijana mmoja anayewasimamia. Wengine siku fulani wanaondoka mapema kwenda madrasa, na kauntabuku inaandika hivyo. Sijasikia mzazi wa Kiislamu akilalamika, na jirani yangu mmoja amewapeleka watoto wake miaka mingi.

Lililonigusa zaidi ni la mwezi Juni. Tarehe 3 ni siku ya Mashahidi wa Uganda, nchi nzima inaelekea Namugongo, mahali wengi wao walipouawa, na kituo kinawapeleka vijana wakubwa kwa miguu wakiwa na barua za wazazi. Wiki moja kabla, Anti aliwasimulia watoto habari zenyewe: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, wengi wao vijana wa jumba la mfalme, Kizito akiwa na miaka kama 14 tu. Hakuishia hapo. Aliwaeleza pia Waislamu waliouawa kabla ya hao, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, kwa kushikilia dini yao. Mwanangu alirudi nyumbani akanieleza yote mawili bila kutofautisha nani ni wetu na nani si wetu. Kwa kanisa kufundisha hivyo, katika mtaa wenye misikiti na makanisa yaliyobanana kama Katwe, mimi nawapa heshima yangu yote.

Muhula wa kwanza mwanangu aliwekwa kwenye chesi. Katwe chesi si mchezo wa kigeni. Ni humu humu Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaani chini ya huduma ya michezo ya Kikristo, na ndiko alikotoka Phiona Mutesi, aliyeichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi ya mwaka 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Kila mtoto wa mtaa anajua habari zake. Mwalimu ana sheria moja ngumu: ukigusa kete, utaisogeza hiyo hiyo. Mwanangu ana pupa, anasukuma malkia mbele akiona kitu cha kula, na alilia siku nyingi. Hakuna aliyembembeleza kwa kumrudishia kete. Mwalimu alikaa naye chini akamwonyesha farasi aliyekuwa akimngoja muda wote. Sasa nyumbani ananilazimisha nicheze naye, na ananifunga.

Lakini kitu chenyewe hasa cha kituo hiki ni bendi ya matarumbeta. Nisimulieni mtakavyo kuhusu michezo mingine, hii ndiyo inayowafanya vijana wa miaka kumi na mitano wasipotee. Vyombo ni vikuukuu, vya msaada, vali nyingine zinakwama mpaka zipakwe mafuta, na havitoshi, hivyo wanapokezana na kila mmoja anaosha mdomo wa chombo kabla ya kumpa mwenzake. Binti yangu alitaka tarumbeta. Mwalimu, kijana aliyelelewa humo humo kituoni, alimtazama mikono akampa tromboni, kwa kuwa mikono yake ni mirefu. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ni kupuliza sauti moja tu, ndefu, hadi pumzi iishe. Majirani zetu walivumilia mengi. Kisha wakaanza kusoma nota, na kufikia Julai walikuwa wanapiga nyimbo za ibada, na mdundo wa kadodi, ngoma ya jando ya Wagisu, uliohamishiwa kwenye shaba, ambao ukiusikia huwezi kukaa.

Bendi inakodiwa kwenye harusi na maandamano ya shule. Hapo nilikuwa na wasiwasi, maana mtoto akianza kuleta pesa, watu wazima wengine hubadilika. Niliomba kuona hesabu. Zinabandikwa ubaoni nje ya ofisi: kimelipwa nini, nauli ya taksi, chakula, kilichowekwa kwa ajili ya vyombo. Muhula wa tatu ulipoanza, waliwatoa watahiniwa wote kwenye harusi wenyewe, bila mzazi kuomba. Binti yangu alinuna. Mimi nilifurahi.

Yapo mambo madogo ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Usiku wa Agosti 2 mwanariadha wa Uganda Joshua Cheptegei alipochukua dhahabu ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Paris kwa dakika 26 na sekunde 43, kesho yake uwanja mzima ulikuwa ni watoto wanaozunguka mbio, na mwalimu wa michezo akaacha mpango wake akawapimia muda mpaka jua likawa kali. Wiki moja baadaye, Agosti 10, jalala kuu la takataka za Kampala, la Kiteezi, liliporomoka likafukia nyumba za watu na zaidi ya watu thelathini wakafa. Kituo kilikusanya nguo, sabuni na unga. Watoto ndio waliopita nyumba kwa nyumba wakiwa na msimamizi, wangu wakiwemo, na wengi wa hao watoto nyumbani kwao nako hakuna cha ziada. Hiyo ndiyo dini niliyotaka wanangu waione.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni dogo. Mvua za Aprili zikipiga, Katwe inajaa maji na uwanja hauchezeki, lakini ujumbe wa kuahirisha mara nyingi unafika watoto wakiwa wameshafika. La pili, wasaidizi wa kazi za shule ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojitolea, na kila baada ya miezi michache wanabadilika. Tulipata kijana mmoja hodari wa hisabati, akamaliza chuo akaenda zake, na aliyefuata alichukua muda kuwajua watoto. Kuhusu masomo niseme wazi: kituo kinasaidia, hakichukui nafasi ya shule. Matokeo ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la saba, yalipotoka Januari, binti yangu alipata Daraja la Pili. Hisabati ilipanda sana, Kiingereza kilibaki pale pale. Atakayewapeleka wanawe kwa kutafuta Daraja la Kwanza peke yake atafute mwalimu wa ziada.

La tatu ndilo kubwa, na nimelisema kwenye kikao cha wazazi mbele ya mchungaji. Kituo kinafungwa katikati ya Desemba hadi shule zifunguliwe Februari. Likizo ya Agosti nayo wanafungua wiki mbili tu, tena asubuhi. Mtoto wa darasa la saba anamaliza PLE mapema Novemba na hana shule tena hadi Februari. Huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao msichana wa miaka kumi na mitatu anakaa bila mwalimu, bila daftari, mama yake yuko sokoni msimu wa Krismasi ambao hakuna mfanyabiashara anayefunga mapema. Na sehemu kubwa ya muda huo kauntabuku iko kabatini.

Wazazi wa huku hatuhitaji kuelezwa likizo ndefu inafanya nini. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwenye mtaa wetu tuliona wasichana waliobeba mimba, na wavulana walioingia kwenye vyuma chakavu na hawakurudi darasani tena. Kila Desemba nawakumbuka.

Jibu la kituo ni kwamba wasaidizi wanakwenda vijijini kwao, na fedha za jiko zinaishia Novemba. Ninawaelewa. Hata hivyo, haihitaji jiko wala bendi nzima. Fungueni chumba cha vitabu na meza za chesi siku tatu kwa wiki. Wazazi tuko tayari kupokezana mlangoni na lile daftari, na uji tutaupika wenyewe. Kikaoni mama mmoja Mkongomani alisimama akasema atatoa jiko lake la mkaa na sufuria. Mchungaji alisema watajaribu Desemba ijayo, na Anti aliandika majina ya waliojitolea papo hapo.

Kwa anayetaka kuandikisha: usajili ni shilingi 10,000, na mchango ni 30,000 kwa kila muhula, unaweza kulipa kidogo kidogo kwa simu. Aliyekwama aende kuongea na Anti, sijaona mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya pesa. Beba nakala ya ripoti ya shule, picha mbili za mtoto na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa eneo lako. Wakimbizi wanakubaliwa kwa kadi zao. Uandikishaji huwa Jumamosi ya mwisho ya Januari na nafasi za madarasa ya chini huisha kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo fika mapema. Wangu mdogo nimeshamwandikisha tena, na dada yake anakwenda Jumamosi kuwasaidia wanaoanza tromboni. Mkifika dirishani, kabla ya kulipa, waulizeni kuhusu Desemba, kila mmoja wenu, ili wajue si mimi peke yangu.