Akaunti ya pamoja kwa visa ya wastaafu Thailand: msifanye tulivyofanya sisi

Nyota moja. Kama wewe na mwenzio mmeshavuka miaka 50 na mnafikiria kwenda kustaafia Thailand, someni hapa kabla hamjahamisha fedha zenu. Masharti yote sitayaeleza, yamejaa kila mahali. Nitasema la akaunti tu, maana ndilo lililotutoa jasho, na hakuna aliyetutahadharisha.

Mimi na Baba Salim ni watu wa Mombasa, lakini maisha yetu ya kazi tumeyamalizia Uingereza. Yeye aliendesha basi, mimi nilikuwa muuguzi wodi ya wazee, miaka 27. Mtauliza kwa nini hatukurudi nyumbani. Hilo lina sababu zake za kifamilia na si la kuandikwa hapa. Tulichagua kusini mwa Thailand, upande wa Bahari ya Andaman, kwa sababu bahari iko, adhana inasikika alfajiri, na chakula cha halali huhangaiki kukitafuta.

Sharti lenyewe linajulikana: baht 800,000 katika benki ya Thailand, na ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya kuomba ruhusa ya mwaka mmoja. Zamani mwenye pasipoti ya Uingereza alipeleka barua ya ubalozi kuonyesha kipato chake, lakini ubalozi uliacha kutoa barua hizo mwanzoni mwa 2019. Sasa uonyeshe baht 65,000 zikiingia kila mwezi kutoka nje, au uweke hizo 800,000. Pensheni ya Baba Salim haifiki huko wala haitafika, kwa sababu pensheni ya serikali ya Uingereza huganda ukishahamia Thailand. Wenzako waliobaki wanaongezewa kila mwaka, wewe unabaki na ileile. Kwa hiyo tukaweka fedha, zaidi ya pauni 18,000, na sehemu kubwa ilikuwa kiinua mgongo changu mimi. Likumbukeni hilo.

Benki tuliomba akaunti moja yenye majina mawili. Ndivyo tulivyoishi miaka yote, mshahara wake na wangu chungu kimoja. Binti aliyetuhudumia alituuliza za nini, tukamwambia wazi kuwa ni za visa ya kustaafu. Akasema hakuna tatizo. Tukapewa kitabu cha benki chenye majina yetu yote mawili, nikakipiga picha nikamtumia Salim.

Miezi miwili ikapita na siku kadhaa juu yake. Tukaenda uhamiaji asubuhi mapema, tumevaa kama watu wanaokwenda kupokea posa. Barua ya benki tuliichukua siku ileile, kitabu kimechapishwa siku ileile, nakala za kila ukurasa zimetiwa saini. Mimi ndiye niliyezipanga, nimepanga mafaili ya wagonjwa maisha yangu yote.

Afisa akafungua kitabu, akatazama majina, akanyamaza. Kisha akavuta kalkuleta. Akabonyeza 810,000, akagawanya kwa mbili, akamgeuzia Baba Salim kioo: 405,000. Akasema neno moja tu, "Nusu." Baba Salim akajaribu kueleza kwamba sisi ni mke na mume, fedha ni moja. Yule bwana akaonyesha kioo tena kwa kidole. Akasema fedha za akaunti ya pamoja huhesabiwa nusu kwa nusu, kwa hiyo hapa hakuna mwenye 800,000. Tufungue akaunti ya mtu mmoja, miezi miwili ianze upya.

Nikasogea nikauliza, kwa adabu, je tukiziweka zote kwa jina langu mimi? Hakunitazama. Alichukua pasipoti yangu akaisukuma juu ya kaunta, ikateleza mpaka ikaanguka upande wetu. Akamwambia mume wangu: "Mkeo ni mtegemezi. Alete cheti cha ndoa." Niliiokota mwenyewe. Baba Salim alikuwa anatetemeka mikono.

Mtegemezi! Miaka 27 nimeinua watu vitandani, mgongo wangu haulaliki ubavu wa kushoto, na fedha alizozigawanya kwa kalkuleta yake nyingi ni za mgongo huo. Nimeandika aya hii mara tatu na kila mara damu inanipanda.

Hebu tazameni hesabu yao. Kwenye fedha sisi ni watu wawili, tugawanywe. Kwenye ruhusa ya kukaa sisi ni mtu mmoja, naye ni mume. Wanatutenganisha pale umoja unapotusaidia, wanatuunganisha pale unapoleta madhara. Baada ya kuuliza kwa wastaafu wenzetu tukaambiwa kuna ofisi zinazopokea akaunti ya pamoja ikiwa ina 1,600,000, na nyingine haziitaki kabisa hata ijae vipi. Sasa mgeni atajuaje yake ni ipi?

Nje ya ofisi palikuwa na wakala aliyekwishatusoma nyuso. Akasema tumlipe yeye, 800,000 zitaingia katika akaunti ya Baba Salim na kutoka, na muhuri tutaupata. Tulikataa hapohapo. Kukaa ugenini kwa hati ya fedha zisizo zako ni kukaa roho juu.

Siku zilizobaki katika visa zetu hazikutosha miezi miwili mingine. Usiku ule Baba Salim alisema basi, zote ziwekwe kwa jina lake, mimi nimfuate kama mtegemezi, twende tukatafute tafsiri ya cheti cha ndoa tumalize. Watu wengi hufanya hivyo, na ni rahisi, maana zinahitajika 800,000 moja tu kwa wote wawili. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia, Baba Salim, Mungu akupe umri mrefu, lakini nikifiwa nawe hapa itakuwaje? Ruhusa yangu itakuwa imesimama juu ya yako. Akaunti yenye jina lako peke yako benki wataizuia mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Nitakuwa mjane nisiye na ruhusa wala fedha kwa siku moja, nami niko eda. Miezi minne na siku kumi nikae nyumbani, ilhali natakiwa dirishani pale nikajieleze kwa nini bado nipo? Hakunijibu. Alitoka kwenda kuswali, na aliporudi akasema tufungue mbili.

Hapo ndipo nyota zilipokwisha zote, kwa sababu 800,000 za pili hazikuwepo. Zilizokuwepo Uingereza zilikuwa za paa la nyumba ya marehemu mama, mtaa wa Kuze kule Mombasa, ambalo masika ya mwaka ule lilivuja hadi ukumbini. Dada yangu nilimpigia simu mwenyewe kumwambia asubiri. Akasema, "Haya dada, Mungu ni mkubwa." Ningependa angenitukana.

Kesho yake tukarudi benki. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Binti yuleyule alipoona kitabu na sura zetu alielewa kabla sijafungua mdomo. Alinitafutia kiti, akaniletea maji, akasema yeye anajua ya benki tu, ya uhamiaji hayajui. Kweli, lakini si tulimwambia ni za visa? Nilitaka kumlaumu na nikashindwa, umri wake ni wa mjukuu wa wagonjwa wangu. Alitufungulia akaunti mbili, akagawa fedha, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi tarehe ambayo miezi miwili itatimia kwa kila mmoja. Karatasi hiyo ninayo. Basi ile nyota moja ni ya kwake.

Tukatoka nje ya nchi, tukalala Penang, Malaysia, siku chache kwa gharama zetu, tukaingia tena kama wageni na kuanza upya hatua zote. Sitasimulia, zilichosha tu.

Tuliporudi kwenye dirisha lile, miezi baadaye, afisa alikuwa yuleyule. Safari hii kila mmoja na namba yake ya foleni, kitabu chake, barua yake, baht 1,900 zake za ada. Mimi nilitangulia. Alihesabu, akagonga muhuri, akanikabidhi pasipoti mkononi. Mkononi, si juu ya kaunta. Lazima niseme hilo, na niseme pia kwamba siku ile yote mawili yalikwisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo nikisema ofisi nzima ni mbovu nitakuwa nimedhulumu. Sheria yao ukiishika, wanakwenda nayo. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende kabisa. Sasa nasema nendeni, ila kila mtu na akaunti yake tangu siku ya kwanza.

Lakini jueni na hili: muhuri ukishapigwa fedha hazijawa zenu. Miezi mitatu baada yake 800,000 haziguswi. Baadaye unaweza kushuka, ila usipungue 400,000, na miezi miwili kabla ya kuomba tena ziwe zimerudi kamili. Yaani kwa mwaka una miezi kama saba ya kutumia nusu, na nusu nyingine huigusi maisha. Kwa wawili ni baht 800,000 zimelala daima, nami kila mvua ya masika nawaza lile paa. Nikifika hapa narudi kwenye nyota moja, na sioni haya.

Baba Salim amesoma haya akasema nimemsahau mtu mmoja: yule mama wa Kijerumani aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni siku ya kwanza, mkononi ana kitabu chenye majina mawili kama chetu. Aliona kalkuleta ikigeuzwa. Alimshika mumewe mkono wakatoka bila kufika dirishani. Natumaini walikwenda benki moja kwa moja.